Nilibonyeza "Zuia" Mama Akimngoja Kaka

Wasomaji wenzangu, mimi ni mama wa watoto watatu, umri wangu miaka thelathini na minane, nakaanga viazi karai vya kuuza hapa kijijini Mwabungo, pwani. Haya yamenikaa kooni muda mrefu, na leo nayatoa.

Kaka yangu Hamisi alikwenda Uarabuni kuendesha magari bila kumuaga mama. Mama alikuwa amemkatalia safari ile, naye akaondoka kimya kimya... Tangu hapo hawakusemezana. Mama alipolazwa hospitali ya Msambweni, kisha akarudishwa nyumbani hajiwezi, Hamisi akaniandikia kwamba anataka radhi kabla halijatokea la kutokea. Mama akasema, "Simu ya kusikia sauti tu sitaki. Nataka nimuone uso, ndipo nimpe radhi."

Kule aliko, simu za picha tulizozoea zimefungwa, hazipiti. Kwa hiyo akanitumia linki niifungue kwenye brauza. Nikaibonyeza. Pakatokea maneno: ukurasa huu unaomba kutumia kamera na maikrofoni yako. Ruhusu, au zuia?

Nyinyi mngefanyaje? Siku zile shoga yangu alikuwa amelizwa na matapeli wa simu, na kila mtu alikuwa akituonya tusiruhusu kitu tusichokijua. Nikabonyeza "zuia", nikajiona mjanja.

Ukurasa ukawa mweusi, kiduara kinazunguka tu... Nikaizima simu, nikaiwasha. Nikanunua bando jingine. Nikatoka barazani kutafuta mtandao, nikarudi ndani. Hamisi akatuma linki nyingine, mambo yakawa yale yale. Akaniandikia, "Mwanakombo, mbona hufungui? Ama mama amekataa?"

Na mama pale kitandani alikuwa akizungumza. Nilisikia sauti yake, lakini maneno sikuyashika. Kila akisema "Hamisi...", mimi nilimwambia, "Ngoja mama, yuaja, yuaja sasa hivi."

Alasiri akaja binamu yangu Riziki, ambaye yuko mapokezi kwenye hoteli moja ya Diani. Akaitazama simu kidogo tu. "Da Mwanakombo, kamera umeizuia mwenyewe." Akagusa kile kijikufuli kilicho juu, kando ya anwani, akageuza "zuia" ikawa "ruhusu", akaufungua ukurasa upya. Hamisi huyo, uso mzima, analia!

Mama alikuwa amefumba macho. Tulimwita, hakuitika. Hakusema neno tena, na kesho yake akatutoka. Innalillahi.

Nilimweleza kaka ukweli wote. Akasema, "Kwa hiyo ulinizuia." Nikamwapia kwamba mama alikuwa akimtaja. Akaniuliza, "Alisemaje?"

Ya Rabi, ningemjibu nini? Nilikuwa nimekaa karibu na mama kutwa nzima, nami sikusikia hata kama radhi aliitoa au hakuitoa. Mbona hata kumrekodi sikuwaza? Hadi leo Hamisi hunipigia, haulizi habari za watoto, anauliza lile lile moja.

Ndugu zangu, someni kabla hamjabonyeza, na mnayemngoja wenyewe mruhusuni. Lakini kubwa ninalowasihi ni hili: mgonjwa wenu akianza kusema, iwekeni simu chini, mumsikilize. Iko siku mtaulizwa alisemaje, na kukosa jibu kunauma kuliko msiba wenyewe.