Ukuta wa Mama Kadidja

Mahmoudi alisukumana na watu soko zima la Kisangani akitafuta pazia, hadi akafika kwa Djamila, mshonaji na muuzaji wa mapazia, aliyekuwa amevaa blauzi ya manjano na kubana pini mbili mdomoni.

"Rideau ya mulango?"

"Ya mulango ya ukuta ya katikati ya nyumba. Mbele wageni, nyuma mama, wanaume wasimuone. Ile ya zamani imechakaa."

Djamila alitoa pini, akacheka. "Watu bado wanaishi vile? Siku hizi wanabomoa ukuta. Salon ya wageni inakuwa moja, kubwa, mwanga unaingia."

"Unauza rideau na unakataza watu kununua?"

"Nakataza wenye macho mazuri tu."

Hakununua. Alirudi kesho yake, kisha wakaanza kupigiana simu.

"Uko wapi, bébé?"

"Kwa mashine ya kushona. Na wewe?"

"Niko nakula vumbi. Utaona."

Mama yake Mahmoudi, Mama Kadidja, alikuwa Kindu msibani. Mahmoudi aliubomoa ukuta, akapaka rangi ya maziwa, akaleta makochi kutoka kwa maseremala wa Kabondo. Mama aliporudi alitazama, kisha akasema, "Iko muzuri, mutoto yangu."

Lakini kila Djamila alipokuja kusalimia, aliwakuta ami zake Mahmoudi, ndugu za baba yake, kwenye makochi na mama haonekani.

"Mama yako hanitaki," alisema kwa simu.

"Chérie, hapana. Anapenda tu kukaa jikoni."

"Ananiona mutu wa soko. Bon, usinipigie tena."

Akazima simu. Baada ya wiki Mahmoudi alimfuata sokoni, mbele ya wateja. "Siku ya Mungu njoo. Ami yangu, Tonton Asumani, na wenzake wanataka kusikia jibu ya ndoa kwa kinywa yako, ndio twende kwa baba yako. Kama unakataa, kataa mbele yao."

Jumapili mvua ilinyesha. Djamila, katika kitenge cha kijani, alipitia uani akiikimbia mvua. Katika jiko la nje, chini ya bati linalovuja, Mama Kadidja alikuwa ameketi kwenye kigoda, ushungi umelowa.

"Mama, unaloana. Ingia basi."

"Nitapita wapi? Mulango ya chumba yangu sasa iko mbele ya miguu ya wanaume. Zamani nilipita nyuma ya ukuta, hakuna aliyeniona."

"Kila wageni wakija uko hapa?"

"Wanaenda mwishowe. Na wewe ninakusikia unacheka. Unacheka vizuri."

Djamila alichuchumaa kando yake. "Mama, ni mimi nilimwambia abomoe."

"Najua. Aliniambia na furaha."

Mahmoudi alichungulia. "Chérie, wanakungojea."

"Jibu nitalitoa barazani, upande wa barabara. Watoke wote."

"Na mvua hii? Tonton iko na kifua."

"Avae koti."

Ami walitoka wakinung'unika, wakajibanza barazani. Nyuma yao, Mama Kadidja alikatiza sebule tupu, kichwa chini, haraka, kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake. Mlango wa chumba ukafungwa. Mahmoudi alimwona.

"Sikujua," alinong'ona.

"Uliuliza?"

"Na wewe?"

Djamila aliinama, akakamua maji kwenye pindo la kitenge.

"Bon, mutoto, tunaloana," alisema Tonton Asumani. "Ni ndiyo ao hapana?"

"Ni ndiyo, Tonton."

Alilitamka taratibu, akitazama miguu yake, asithubutu kuinua uso. Tonton Asumani aliwageukia wenzake akitabasamu, kwa kudhani hiyo ni haya ya mwanamwali.