Shavu Lisilokauka

Picha nzima ilikuwa imekauka, isipokuwa shavu la Tanneken. Mayken aligundua alipokuwa akifuta vumbi: kidole kilirudi na uwekundu, na uwekundu ule ulikuwa na uvuguvugu. Akakitazama kidole, akakilamba. Ndivyo alivyo mama aliyefiwa. Hana akili, usimtafutie.

Tanneken alikuwa na miaka mitano homa ilipomchukua, Jumanne moja ya Kwaresima. Picha ilikuwa ya madhabahu: Goossen, baba mtu, kapiga magoti upande mmoja, na upande wa pili Mayken na mabinti wake wawili, Tanneken na mdogo wake Lijs wa miezi saba. Katika mji wa Mechelen hata asiyejua herufi anasoma picha. Mbwa miguuni pa mke ni uaminifu. Tufaa dirishani ni dhambi ya Hawa. Mshumaa unaowaka mchana ni Mungu anayetazama. Wafu na wazima huchorwa pamoja, na kinachowatenganisha ni msalaba mdogo mwekundu juu ya kichwa: huyu amekwisha kufa, muombeeni.

Fundi Joost, mchoraji, alikuwa ameshauchora juu ya Tanneken. Mayken akamfuata karakanani.

"Ufute."

"Mama, hilo si pambo."

"Najua si pambo. Ufute. Nataka pahala pamoja tu ambapo mwanangu yu hai."

"Msalaba ule unasema na watu. Unasema na mtoto mwenyewe pia."

"Na mimi nasema na wewe, Joost! Wako umewazika wangapi?"

Joost alikuwa na mkono wa dhahabu na moyo wa siagi. Akapitisha rangi ya ukuta juu ya msalaba, akadhani amefanya wema. Picha ikaletwa nyumbani isubiri sikukuu.

Kisha ikaja harufu. Mafuta ya kitani, yale wachoraji wanayochanganyia rangi, yakaanza kunuka kwenye mtungi wa maziwa, kwenye mkate, kwenye kitanda cha Lijs. Saa ya chakula cha mchana nyayo ndogo zilisikika zikishuka ngazi moja moja, zikisita mlangoni. Mayken akaanza kupakua bakuli moja zaidi.

Mama mkwe wake, Machteld, alikuwa na macho mabovu na mdomo mzima.

"Wewe, unampakulia nani?"

"Nina njaa, mama."

"Njaa yako ina vidole vya mtoto? Hata macho yangu haya yanaona bakuli lilivyopakwa rangi!"

"Niache."

"Nikuache nini? Mwone Lijs. Mtoto gani anapauka kama shuka ya kuanikwa?"

Kweli alikuwa akipauka. Si kukonda, kupauka. Midomo ikawa majivu, nywele zake nyekundu zikawa kama pamba chafu, na kila siku shavu la pichani lilizidi kuiva. Mayken aliyaona yote mawili. Alikataa kuyaweka pamoja.

Mchana mmoja, jua limejaa nyumba na kengele za kanisa hazijamaliza kulia, alipanda ngazi na maziwa mkononi, akasikia kwanza sauti ya kulamba, laini kama ya paka kwenye kisahani, kisha harufu ya mafuta ikamfikia, na alipousukuma mlango akamwona Tanneken wake, na kofia yake nyeupe, na magoti yaleyale aliyopigishwa na Joost pichani, ameinama juu ya kitanda cha mdogo wake akimlamba shavu taratibu, na kila ulimi ulipopita ngozi ilibaki nyeupe kama ubao uliopakwa chokaa ukingoja rangi, na Lijs hakulia, kwa sababu hata sauti yake ilikuwa imeanza kufifia.

"Nachukua kidogo tu, mama," Tanneken alinong'ona. "Joost hakuniwekea ya kutosha."

Mayken alitaka kumkumbatia. Hilo ndilo lililomtisha kuliko ule ulimi. Akamnyakua Lijs, mwepesi kama ganda la yai, akapiga kelele aitwe Joost.

Joost alikuja mbio, akachanganya nyekundu, akagusa juu ya kichwa cha Tanneken pichani. Rangi ikateleza kama maji kwenye nta.

"Haishiki," alisema kwa sauti ya chini.

"Ongeza!"

"Hata nimwage chungu kizima. Mkono wangu haumsadikishi. Aliyemwambia yu hai ni wewe."

"Shika brashi, mwanamke," Machteld alisema. "Au utaomba misalaba miwili."

Mayken akamkabidhi Lijs kwa bibi yake, akashika brashi. Tanneken alikuwa amesimama kando yake, amekunja gauni la mamaye ngumini kama alivyozoea sokoni. Mstari wa kwanza wa msalaba, ule wa kusimama, ukashika.

"Mama, unaandika nini?"

"Naandika kwamba umekufa, mwanangu."

"Lini?"

"Kwaresima. Siku ya Jumanne."

Mtoto akafikiri. "Mbona hamkuniambia?"

Joost akamshikia Mayken kibakuli cha rangi. Machteld akamfunika Lijs, akageukia ukuta.

"Nilishindwa," Mayken alisema. "Nilikwambia ulale, kesho tutakwenda mtoni kuona mabata."

"Tulikwenda?"

"Hatukwenda."

"Sitamlamba tena, mama. Nitakaa kimya. Hata chakula sitaomba."

"Najua, mwanangu. Najua wewe ni mtoto mzuri," Mayken alisema, akavuta mstari wa pili.

Harufu ikakatika, na kando yake hapakuwa tena na mtoto. Mikononi mwa bibi yake Lijs akapasua sauti, mwekundu kwa hasira na njaa, akirusha miguu. Mayken akampokea, akamnyonyesha akiwa amesimama palepale mbele ya picha. Kengele za jioni zikalia, bado kasimama.

Machteld akavuta kigoda. "Kaa, mwanangu. Utaanguka."

"Gauni langu bado limekunjamana hapa aliposhika," Mayken alisema. "Nikikaa, litanyooka."