Sikuwa Nimelewa

Walikutana kwenye duka la vitambaa, siku ya punguzo, watu wakisukumana kwa viwiko. Fundi cherehani alishika ncha moja ya hariri ya samawati, kinyozi akashika ya pili, na hakuna aliyetaka kuachia.

"Kaka, nimekutangulia."

"Chukua, dada. Ila namba ya simu unaniachia."

Akacheka, akampa. Zikaanza simu za "umeamkaje, malkia wangu" na za utani wa mchana kutwa, hadi wateja wakanung'unika nguo zinachelewa.

Siku ya kutambulishwa kwa mama mkwe mtarajiwa, fundi alivaa gauni la hariri ile. Kikohozi cha muda mrefu alikuwa amekizoea. Kizunguzungu kilikuwa kigeni. Akapepesuka sebuleni, glasi ikamponyoka. Alipotaka kuomba radhi, mdomo ukaenda upande na maneno yakatoka yamevurugika. Mama akaguna. Kinyozi akamvuta pembeni.

"Umelewa? Leo? Mbele ya mama yangu?"

Hakungoja jibu. Alimpakia kwenye teksi kama mzigo, arudi kwake.

Hospitalini, alikopelekwa na dada yake mkubwa, baada ya vipimo vingi, daktari alimweleza taratibu: "Ugonjwa wako unaitwa sarkoidosi. Vinundu vidogo vilianza kwenye mapafu, sasa vimegusa neva za uso na zinazokusaidia kusimama bila kuyumba. Dawa zipo. Uso unaweza kurudi, ila siwezi kukuahidi."

Simu za kinyozi, fundi alizikata zote. Dada yake mkubwa ndiye aliyemweleza kinyozi ukweli, naye akaja mbio kibandani kwa fundi akiwa bado na aproni yenye nywele za watu.

"Mpenzi, nisamehe. Sikujua."

"Hukujua, au hukuuliza?" Chozi lilimtiririka, likamkera zaidi. "Usidhani nalia! Jicho hili halifungi. Nina hasira mimi!"

"Sema nifanye nini."

"Mpigie mama yako. Sasa hivi, nisikie."

Akapiga, akaweka spika. "Mama, hakuwa amelewa. Anaumwa. Mimi ndiye niliyemdhalilisha."

"Mpe simu," mama akasema. "Mwanangu, nami niliguna. Nisamehe."

"Nimekusikia, mama." Akakata, akamgeukia kinyozi. "Wewe bado sijakusamehe."

"Nitasubiri."

"Subiri umesimama. Kiti ni cha wateja."

Akasimama kweli, wateja wakimpita huku na huku, mpaka saa ya kufunga. Fundi akamrushia funguo.

"Funga mlango vizuri. Na kesho kliniki unanipeleka wewe, uje mapema."