Shimo la Korido

Nyumbani kwetu asubuhi ilianza kwa kuruka.

Ukitoka vyumbani kwenda bafuni lazima upite kwenye korido, na katikati ya korido palikuwa na shimo. Sakafu ya saruji ilianza kwa ufa mmoja, ufa ukazaa wenzake, mwishowe pakawa na shimo la upana wa beseni na kina cha kiganja. Mimi nililiruka na ndoo ya maji mkononi bila kumwaga tone. Mama aliliruka macho ameyafumba kwa usingizi. Mdogo wangu wa miaka minne aliliruka akiimba. Na wageni, maana kwetu wageni hawakauki, tuliwapokea kwa maneno mawili: "Karibu, ruka!"

"Nyumba hii ina kiingilio," jirani mmoja alisema siku moja, gauni kalikunja hadi magotini. "Usiporuka, hupati umbeya."

Usidhani hatukutafuta fundi. Tulimtafuta, akaja, akachuchumaa, akalitazama shimo kama daktari anayemtazama mgonjwa. "Kazi ya saa mbili tu hii, mama. Nunua saruji uweke. Kesho nakuja." Mama akanunua mfuko mzima, akauweka uvunguni mwa meza ya jikoni. Kesho hiyo ilikuwa na miezi saba. Jina halisi la fundi tulishalisahau. Kwetu alikuwa Fundi Kesho.

Basi tulikuwa tumezoea. Lakini Alhamisi moja Mama alirudi kutoka hospitali, anakofua mashuka ya wodini, akaketi hata mkoba hajautua.

"Wanamruhusu Bibi Jumamosi ya wiki ijayo," alisema.

Bibi, mama yake Mama, alikuwa ameteleza sokoni akavunjika paja. Miezi miwili kitandani! Nilirukaruka kwa furaha. Mama hakuruka.

"Atatembelea mkongojo. Daktari amesema asinyanyue mguu juu, na asianguke tena. Akianguka tena, basi."

Sote tuligeuka tukalitazama shimo.

"Bafuni atafikaje?" niliuliza.

"Hatafika. Itabidi tumwekee ndoo chumbani."

Ndoo! Bibi yetu, anayeingia bafuni na redio yake, akajifungia, akatoka ananukia mpaka kwa jirani! Nilijua angekufa kwa aibu kabla ya kufa kwa ugonjwa.

Mama akampigia Fundi Kesho. Sauti yake ilisikika chumba kizima: "Kesho, mama! Asubuhi na mapema!" Mama akaweka simu chini. Nilipogeuka kumwuliza tupike nini, alikuwa amelala pale pale kwenye kiti, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Vidole vyake vilikuwa vimejikunja kwa maji ya mashuka ya watu wengine. Nikasema moyoni: huyu hawezi kuongezewa kazi hata moja.

Lakini mimi nani? Nina miaka kumi na tatu, mwembamba mpaka mtaa mzima unaniita Kijiti. Mwiko niliouzoea ni ule wa kupikia, si huu wa fundi wa saruji. Siku mbili nilipita kando ya mfuko wa saruji nikiutazama kama mtu anayemwogopa mbwa wa jirani. Jumamosi Mama alipokwenda kazini, nikauvuta.

Mfuko haukuwa unga tena. Ulikuwa jiwe. Saruji nayo ilichoka kumsubiri fundi.

Sikukata tamaa. Nilimega mapande kwa nyundo, nikayatwanga mpaka yakawa vumbi laini, nikachanganya na mchanga na maji, nikamimina shimoni na kulainisha juu kwa kipande cha ubao. Loo, palipendeza! Majirani walikuja kutazama, wakanisifu, nami nikavimba kichwa.

Jumatatu asubuhi mdogo wangu akatua pale kwa miguu miwili. Kruu! Kiraka changu chote kikamumunyuka kama biskuti kwenye chai.

Mtaa wetu hauna siri. Kabla sijarudi kutoka shuleni nilikuwa na jina jipya.

"Fundi Biskuti! Leo unaoka za nazi au za maziwa?" majirani waliniuliza nikipita.

Nilicheka nao, maana ukinuna ndiyo wanazidisha. Ndani nilikuwa nimechoka kama niliyefua mashuka. Shimo la zamani halikuwa kosa la mtu. Hili la sasa, lililojaa vumbi na mapande, lilikuwa langu.

Jioni hiyo akaingia Mama Karai, jirani yetu tunayechangia naye ukuta. Anawabebea mafundi zege kwenye majengo, karai kichwani kutwa nzima, ndiyo maana ya jina lake. Aliruka shimo kwa kuguna, akanawa bafuni, akarudi kuketi sebuleni, nikamletea beseni la maji ya moto na chumvi aloweke miguu.

"Kijiti," alisema, macho ameyafumba, "ile saruji uliitoa wapi?"

"Kwenye ule mfuko wetu. Ilikuwa imeganda, nikaitwanga."

Mama Karai alicheka mpaka maji yakamwagika sakafuni. "Ukaitwanga! Mwanangu, saruji ikishaganda imeganda. Ukiitwanga unapata vumbi, hupati saruji."

"Basi siwezi. Hii si kazi yangu."

"Nani kakwambia huwezi? Umekosea saruji, hujakosea mkono. Jumamosi nilipaona pembeni ulivyosawazisha. Nina mafundi wawili kazini hawafikii hapo, na majina yao siyataji, ingawa mmoja anapenda shati la njano."

"Kesho uje unifanyie, basi. Tafadhali, Mama Karai. Bibi anakuja Jumamosi."

"Mimi? Tangu alfajiri nimepandisha karai ghorofa ya tatu. Shingo hii si yangu tena. Sishiki mwiko hata kwa dawa. Kilichobaki kwangu ni mdomo. Unautaka?"

Nikachukua daftari la hesabu. "Nautaka."

Akanifundisha bila kufumbua macho. Toa kila kinachocheza mpaka ufike pagumu. Fagia vumbi lote, kwa sababu saruji haishiki vumbi. Lowanisha shimo. Saruji mpya kipimo kimoja, mchanga vipimo vitatu, changanya vikavu kwanza, kisha maji kidogo kidogo. Vaa mifuko ya plastiki mikononi, saruji inakula ngozi. Shindilia, usimimine tu. Kisha buruta ubao ulionyooka juu yake.

"Halafu?"

Alikuwa anakoroma. Nikamtikisa bega.

"Gunia..." alinong'ona. "Gunia bichi juu yake. Siku tatu, nne... lisikauke..." Akarudi usingizini.

Mama alikuwa amesikia yote akiwa mlangoni. Asubuhi nilikuta pesa ya saruji ya kupima kwa kilo juu ya daftari langu.

Jumanne baada ya shule nilianza. Nyundo iliniponyoka mara mbili. Kubomoa peke yake kulikula saa nzima, shimo likazidi kuwa kubwa, na kila pande lililotoka lilinivunja moyo. Sasa nimefanya nini? Lakini mwishowe nyundo ikalia kwa sauti nyingine, sauti ya pagumu. Nikafagia, nikalowanisha, nikachanganya, nikashindilia. Nilipofika kwenye kusawazisha, ubao ulikuwa mrefu kuliko mikono yangu. Upande mmoja ukinyooka, wa pili unazama.

Ghafla upande wa pili ukatulia. Mama alikuwa amepiga magoti mbele yangu na nguo za kazini, ameshika ncha ya ubao.

"Vuta," alisema.

Tukavuta.

Tukafunika gunia bichi, tukalaza ubao wa kupitia sisi wa nyumbani, ncha zake kwenye sakafu ngumu, na kiti mbele kuwazuia wageni kama kizuizi cha barabarani. Majirani walilalamika. "Yaani sasa hata kuruka ni marufuku?" Tuliwaambia wakae sebuleni na umbeya wao. Asubuhi na jioni nilimwagilia gunia kama bustani. Sikuthubutu kuchungulia.

Ijumaa Fundi Kesho akapiga simu. "Mama, kesho nakuja, haki ya Mungu!"

"Karibu sana," Mama alijibu. "Utamkuta Bibi, umsalimie."

Jumamosi nyumba ilijaa hadi mlangoni. Bibi aliingia taratibu, ko, ko, ko, mkongojo ukigonga sakafu. Alisalimia kila mtu, kisha akasema anataka kwenda bafuni, peke yake, na redio yake iko wapi? Alipofika katikati ya korido akasimama. Gunia tulikuwa tumeliondoa.

"Ni hapa?"

"Ni hapo, Bibi."

Akagonga kwa mkongojo mara tatu. Sauti ikajibu: pagumu. Bibi akaweka mguu, akaweka na wa pili, akapita.

Mama, aliyekuwa nyuma yake na mkoba na redio, alipofika pale pale akaruka.

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mama naye alicheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia kwa miezi miwili. Bibi akageuka polepole, akaegemea ukuta.

"Mnaona?" alisema. "Mmejifundisha kuruka mpaka miguu inaruka yenyewe. Nguvu mliyotumia kulizoea shimo ni nyingi kuliko iliyotakiwa kuliziba. Mjukuu wangu, nimesimuliwa yote, hakuwa anajua. Alianza hajui, akaharibu, akauliza, akaanza tena. Kujua kumekuja njiani. Sisi watu wazima tulikuwa tunasubiri kujua kwanza, au tunasubiri kesho." Akapokea redio yake. "Haya, nipisheni."

Mlango wa bafuni ukafungwa, na muziki ukaanza.

Jirani mmoja akanivuta pembeni. "Fundi Biskuti," alininong'oneza, "na kile kizingiti changu kilichobomoka, utakuja lini?"

Nilikaribia kusema kesho. Nikajizuia. "Sasa hivi. Nichukue mwiko tu," nikasema.