Udi wa Alhamisi

"Pisha! Pisha, mzigo mzito!"

Swabra aliruka pembeni na kikapu chake cha nyanya, nusura agongwe na mkokoteni langoni mwa soko la Kongowea. Juu yake kulilazwa mtungi mweusi wenye shingo nyeupe. Aliyeusukuma alikuwa kijana mrefu, kofia ya kiua kichwani, jasho likimtiririka.

"Samahani, dada. Tuktuk imenifia njiani."

"Hiyo gesi wauza wapi?"

"Hii si ya kupikia. Ni oksijeni, ya wagonjwa wa mapafu."

Swabra alishtuka. Mamake, Bi Mwanarehema, ndiyo kwanza ametoka hospitali na kuambiwa apumue kwa mtungi nyumbani.

"Nipe namba."

"Ya kazi au yangu?"

"Zote mbili," Swabra akajibu, kisha akajutia mdomo wake.

Basi kila Alhamisi kijana huyo, Nassor, akaleta mtungi kwao Mtopanga. Alikaza geji kwa spana, akatazama mapovu kwenye kichupa cha maji, akamtengenezea mama mpira wa puani, na hakuondoka bila kusema, "Moto mbali, mafuta mbali." Jioni alipiga simu.

"Mapovu yatoka?"

"Yatoka. Wauliza mapovu au waniuliza mimi?"

"Nauliza mapovu ili nisikie sauti."

Mwezi wa tatu wa kuletewa mitungi, Bi Mwanarehema akasema, "Alhamisi hii asiingie kama mchukuzi. Aingie kama mgeni."

Swabra akavaa dera jipya la zambarau, akatandika mkeka mpya, akapanga halua. Na kwa kuwa mgeni wa heshima hapokewi bila udi, akawasha chetezo. Udi, mwenzangu, kwenye nyumba yenye oksijeni! Kwa Swabra moto ulikuwa wa jikoni. Udi ulikuwa heshima tu.

Nassor alinusa tangu mlangoni. Alikinyakua chetezo, akakimbia nacho uani, akakimwagia ndoo ya maji.

"Mwataka kumchoma mama?"

Kisha akaona mkeka, halua, dera. Uso ukamshuka. Akamfungia mama mtungi mpya, akaenda zake.

Swabra alimpigia simu mara kumi na moja, Nassor hakupokea. Alilia sana. Aliona amedharauliwa kwa uzembe wake, na kilichomuuma zaidi ni kwamba Nassor alikuwa na haki.

Alhamisi iliyofuata alikuja Tinga, mwenzake wa kazini.

"Nassor yu wapi?"

"Asema haingii tena nyumba iliyopokea posa."

"Posa ya nani?"

"Mimi nitajuaje? Udi, halua, mkeka mpya..."

Swabra alicheka hadi akakaa chini. Akachukua simu ya mamake, maana Nassor haachi simu ya mgonjwa iite mara mbili.

"Naam, Bi Mwanarehema! Wapumua vyema? Geji yasomaje?"

"Apumua. Ni mimi. Usikate."

Hakukata.

"Udi ule ulikuwa wako, Nassor. Na halua. Hata dera."

"Wangu?"

"Nilikosea, wallahi, nisamehe. Lakini posa, nyumba hii yaingoja kutoka kwako, hujui?"

Bi Mwanarehema akanyoosha mkono, akapewa simu.

"Mwanangu... mtungi alete Tinga. Wewe... mlete mamako."

Akamleta Ijumaa. Udi ulifukizwa, lakini nje, ng'ambo ya njia, Nassor mwenyewe amesimama kando na ndoo ya maji, mpaka mtaa mzima ukajua kuna posa kwa nani. Ndani mapovu yalitoka vizuri. Wazee walipokubaliana, Bi Mwanarehema alipiga kigelegele. Kilikuwa kifupi, pumzi haikutosha kirefu, lakini Nassor alikisikia kule nje.