Kilomita Sabini na Tisa

Maiti ya Kirit ilikuwa sebuleni kwake Loresho, kifudifudi, mtungi wa shaba kando ya kichwa. Daktari wa polisi alisema aliuawa mwendo wa saa moja asubuhi. Alama za vidole kwenye mtungi zilikuwa za Omollo, mtunza bustani.

"Kila asubuhi mimi hujaza hiyo mtungi maji ya mrehani wao wa maombi," Omollo alilia. "Madam, ungekosa vidole zangu hapo ndio ungeshangaa!"

Inspekta Nanjala alimwamini. Lakini kesho yake asubuhi mkubwa wake, Mwau, hakutaka hata kusikia.

"Leo saa nane anapelekwa kortini. Funga faili."

"Sifungi, afande. Mtu hafungwi maisha kwa kumwagilia maua."

Mwingine aliyeishi nyumba ile ni Bhavesh, mdogo wa marehemu. Lakini Bhavesh alikuwa na tikiti ya ndege ya Kisumu ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi ya mauaji. Saa tano siku hiyo, watu tele walimwona mazishini karibu na uwanja wa ndege wa Eldoret, akilia kuliko wafiwa. Kwa Mwau hayo yalitosha.

Nanjala akamketisha Bhavesh ofisini, katikati ya jiji.

"Mazishi Eldoret, mbona ukapitia Kisumu?"

"Ndege ya mapema ya Eldoret ilijaa."

"Toka uwanja wa Kisumu ulikwendaje?"

"Nilikodi gari, nikaendesha mwenyewe. Kilomita sabini na tisa. Dakika sabini hivi."

"Barabara ikoje?"

"Sawa tu. Imenyooka."

Nanjala, aliyejifunzia udereva barabara hiyo hiyo, akacheka kwa sauti.

"Sabini na tisa ni za ndege, Bwana Bhavesh! Za gari zinapita mia, na ni milima, kona na matuta. Ukifika kwa saa mbili, shukuru Mungu. Wewe hujapita huko hata siku moja."

Akapiga simu mbili mbele yake. Kampuni ya ndege ilisema abiria huyo alijiandikisha kwa simu, lakini hakupanda. Rubani mmoja wa Wilson, uwanja wa ndege ndogo hapo jijini, alimkumbuka vizuri: saa tatu alikodi ndege ndogo, moja kwa moja hadi Eldoret.

Bhavesh aliinua kidevu. Hakuwa na haya hata kidogo.

"Nilimpiga. Andika."

"Kwa nini?"

"Millicent. Miaka kumi na tisa nilimpenda. Kirit akasema Mwafrika haolewi nyumba ya baba yetu, nikanyamaza. Asubuhi ya kumzika nimevaa suti, Kirit akafunga mlango, ufunguo mfukoni. Ati nitaaibisha familia. Nikashika mtungi kwa kitambaa. Angefunga tena leo, ningempiga tena!"

"Na hizo kilomita?"

Sauti ikamshuka. "Millicent alikuwa anafanya kazi Kisumu, kwao ni Eldoret. Kila Krismasi aliniambia, njoo nikupeleke nyumbani. Sikwenda. Niliangalia tu kwenye mtandao ni mbali kiasi gani."

Nanjala alimhurumia, na hakuficha. Lakini hasira yake ilikuwa kubwa zaidi.

"Kaka yako alikufungia mlango asubuhi moja, ukaua. Omollo ungemfungia maisha yake yote, na unamjua."

Kidevu cha Bhavesh kikashuka.

Ilikuwa saa saba na nusu. Nanjala hakwenda kwa Mwau kuomba ruhusa. Alichukua ufunguo wa mahabusu, akashuka ngazi, mwenyewe akamfungulia Omollo.