Mtama wa Mbegu na Mashine ya Ulaya

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha moto, Epifania aliinua macho. Juu ya mafiga, kwenye boriti, yalining'inia mafungu ya masuke ya mtama. Yalikuwa meusi kwa moshi. Moshi huzuia wadudu, na mtama ule ulikuwa wa mbegu.

Mama yake aliuchagua mwenyewe shambani, suke kwa suke, akaufunga kwa kamba za magome. Mwezi uliofuata homa ilimchukua. Epifania aliyatazama mafundo yale kama mtu atazamavyo picha. Picha ya mama hawakuwa nayo.

Ilikuwa mwaka themanini na tatu, kijijini Didia. Baba yake, Mzee Maganga, alikuwa Nyarugusu akichimba dhahabu. Mchana Epifania alitunza nyumba, usiku alilala kwa jirani yao Makoye. Shule aliiacha darasa la tano ili amsaidie mama. Kila alipopita na kuni karibu na darasa la kisomo cha watu wazima, alipunguza mwendo dirishani asikilize. Kuingia aliona haya.

Mawingu ya vuli yalipoanza kukusanyika, baba alirudi. Alikuwa amekonda. Makoye alikuja kumsalimu.

"Karibu nyumbani! Mvua ikishuka tu, tunapanda."

"Hakuna kupanda," alisema Maganga. "Tumesikia redioni. Ulaya wamechimba pango refu chini ya ardhi. Wameweka mashine humo. Inapasua punje ambazo dunia imejengwa kwazo."

Makoye alicheka. "Basi ya kwao ianguke. Sisi tuko mbali."

"Cheka tu. Hukuwapo mwenzetu Januari alipofukiwa shimoni. Tulikuwa tunafuata mshipa wa dhahabu. Gogo moja la kuzuia udongo lilikuwa njiani, likakatwa. Gogo moja, Makoye! Udongo ulikuja kama maji. Na hao wanakata nguzo za dunia nzima."

Makoye hakucheka tena.

Maganga akaonyesha boriti kwa kidole. "Epifania, teremsha mtama ule. Utwange, tuwaite majirani tule. Mbegu ya nini, na wa kuvuna hatakuwapo?"

Epifania hakuwahi kumbishia baba yake. Alisema polepole, "Umekunywa moshi, Baba. Nisipouanika siku mbili, ugali utakuwa mchungu."

"Haya. Siku mbili."

Alasiri ile alikwenda shuleni. Safari hii aliingia darasani. Wanawake wote waligeuka. Mwalimu Serafina, aliyefundisha watoto sayansi asubuhi na watu wazima alasiri, aliweka chaki chini.

"Shikamoo, Mwalimu. Eti... dunia inavunjwa?"

"Na nani, mkweo?" mwanamke mmoja alidakia. Darasa likaangua kicheko. Machozi yalimlenga Epifania, lakini hakutoka.

"Swali zuri," alisema Mwalimu. "Nani amekuambia?" Epifania akamsimulia yote, hadi kifo cha Januari.

Kesho yake Mwalimu Serafina alifika kwao. Hakuanza na mashine. Alianza na Januari.

"Pole sana, Mzee Maganga."

"Ahsante, mwanangu."

Kisha aliomba suke moja la mtama wa kula. Akaliweka juu ya jabali walipozoea kupuria, akalipiga kwa fimbo. Punje zikaruka.

"Nimevunja nini, Mzee?"

"Suke."

"Na jabali?"

"Hata halikutikisika."

"Ndivyo ilivyo. Wale wataalamu hawakati nguzo za dunia. Wanachukua vichembe ambavyo jicho haliwezi kuviona. Wanavikimbiza ndani ya bomba na kuvigonganisha, waone ndani mna nini. Pango ni nyumba ya mashine tu."

"Redio ilisema nguvu yake ni kubwa mno."

"Ni kubwa kwa kitu kidogo namna ile. Mgongano mmoja haufikii nguvu ya mbu anayeruka."

"Mbu wa Ulaya au wa hapa Didia?" aliuliza Makoye. "Maana wa hapa huinua blanketi!"

Hata Maganga alitabasamu.

Mwalimu aliendelea, "Tena vichembe vingine hushuka kutoka angani mchana na usiku. Baadhi vina nguvu kuliko vya mashine ile. Vimeigonga dunia tangu kabla ya mababu zetu, na dunia ipo. Hata sasa vinapita katika kiganja chako."

Maganga alificha mkono kwapani upesi. Wote wakacheka.

Epifania aliuliza kwa sauti ndogo, "Sasa wanatafuta nini?"

"Wanatamani kujua tu dunia imetengenezwa kwa nini."

Epifania aliinamisha kichwa. Kutamani kujua alikufahamu vizuri.

"Gogo la kuogopa," alisema Mwalimu, "ni lile la shimo lenu. Lisikatwe, hata dhahabu ikionekana nyuma yake."

Maganga aliutoa mkono kwapani. "Mimi ndiye niliyeshika taa siku ile," alisema. "Mimi ndiye niliyemwambia Januari, kata."

Epifania alisogea akaketi karibu naye. Baadaye baba alisimama, akaukusanya mtama wa mbegu uliokuwa juani, akaurudisha mwenyewe boritini, fungu kwa fungu.

Mvua ilikuja. Walipanda. Kisha Maganga alirudi Nyarugusu, na wenzake wakamwita Mzee Magogo, kwa sababu hakushuka shimoni kabla ya kukagua kila gogo. Mwaka ule shimo lao halikumfukia mtu. Epifania alipata kiti katika darasa la kisomo, karibu na dirisha lile lile.

Mtama ulipokomaa, alichagua masuke, akayafunga kwa mafundo ya mama yake, akayatundika. Kisha alikunjua kiganja chini ya boriti. Vichembe vilikuwa vinapita humo, alijua sasa. Hakuhisi chochote. Alingoja kidogo, kama mtu anayesikiliza hatua mlangoni.